Bwawa Lililobaki na Mlinzi Mmoja

Paukwa!

— Pakawa!

Hiyo pakawa gani, ya mtu aliyekula kiporo? Paukwa!

— Pakawa!

Palikuwa na maji.

— Yakajaa!

Palikuwa na samaki.

— Wakacheza!

Palikuwa na mkubwa wa maji.

— Akaheshimiwa!

Haya, hapo sawa. Sogeeni. Wewe Semeni, mwache mwenzio, hadithi haisikilizwi kwa kufinyana. Na anayetaka kuuliza aulize nikimaliza, maana mimi nikikatizwa nasahau, na nikisahau nakasirika.

Hapo zamani za kale, na ni kale kweli, kabla bibi yangu hajawa na bibi, palikuwa na bwawa linaitwa Mtitu. Lilikaa katikati ya mabonde. Mto mmoja tu uliingia humo, na uliingia kwa mlango mwembamba wenye matete huku na huku. Mkubwa wa bwawa hilo alikuwa Kiboko.

Sasa Kiboko hali samaki. Kiboko anakula majani, tena anakwenda kuyala mbali, anarudi kulala majini. Lakini aliwapenda samaki kuliko mtu yeyote. Kuna samaki anaitwa ningu. Kiboko akizama, ningu walimjia kwa wingi, wakamdonoadonoa mgongo, wakamtoa kupe, wakamsafisha vidonda. Kiboko alifumba macho kwa raha. Bila ningu, ngozi ya Kiboko ingeoza naye yu hai. Kwa hiyo shikeni hili msiliachie: Kiboko alitaka kitu kimoja tu duniani, samaki wa Mtitu wasiishe.

Kando ya bwawa waliishi wavuvi. Alikuwepo Korongo, mrefu wa miguu, mchache wa maneno. Alikuwepo Fisi Maji na ukoo wake, wapiga mbizi, wapenda utani. Na alikuwepo Mdiria, yule ndege mdogo wa rangi anayejitupa majini kutoka juu. Yeye alichimba shimo ukingoni, akataga na kulea humo.

Wavuvi hawa walikuwa na mila moja tu. Mvua za kwanza zikinyesha, mto unavimba, na kambale wanapanda kupitia ule mlango wa matete kwenda kuzaa kwenye majani yaliyofurika. Basi wavuvi walikuwa wanaukodolea macho ule mlango. Wa kwanza kuwaona kambale alipiga ukelele:

"Wazazi wanapanda, mdomo fumba!"

Na wengine wote, kutoka kila upande wa bwawa, waliitikia:

"Tumefumba! Tumefumba!"

Itikieni na nyinyi. Wazazi wanapanda, mdomo fumba!

— Tumefumba! Tumefumba!

Hapo hakuna aliyevua. Korongo alikunja shingo. Fisi Maji aliwaita watoto wake nje ya maji. Wakakaa hivyo, wakila panzi na kaa wa vijitoni, mpaka watoto wa kambale waliposhuka bwawani. Hakuna aliyewatuma wala aliyewalinda. Mzazi hapigwi njiani, basi. Mtoto alilijua hilo kabla hajajua kuogelea.

Sasa ukaja mwaka wa njaa. Jua liliwaka mpaka matope yakapasuka. Mvua ilipokuja, ilikuja kidogo, na kambale walipopanda, walipanda wachache, wamekonda. Aliyewaona kwanza alikuwa Fisi Maji. Akafungua mdomo kupiga ukelele. Njaa ikamwambia, "Unapiga ukelele wa nini? Ufungue hivyohivyo, ule." Akala. Korongo akamwona, akala. Wengine wakaona, wakala. Mla ni mla leo, mla jana kala nini? Ndivyo walivyojiambia.

Walikosa. Mimi sitawatetea, hata kama ni watu wangu ninaowapenda katika hadithi hii. Walikosa, na mwaka uliofuata samaki walikuwa haba, na mgongo wa Kiboko ukaanza kutoka vidonda.

Kiboko aliogopa. Mkubwa akiogopa ni hatari kuliko akikasirika, kwa sababu aliyekasirika hutulia. Akaketi na kufikiri, "Nani anawamaliza samaki wangu? Ni hawa wanaowala. Adui wa samaki ni mvuvi." Alilifikiri hilo peke yake, majini, na akaliona ni kweli kabisa.

Karibu naye alikuwepo Kenge. Mnamjua Kenge. Katika msafara wa mamba na yeye yumo, hakualikwa wala hafukuziki. Kenge akasema, "Mkubwa, weka sheria. Na sheria bila mlinzi ni maneno ya kinywani. Nifanye mimi mlinzi. Samaki nitakayemkamata kwa mkosaji, huyo ndiye atakuwa ujira wangu."

Kiboko akasema, "Vyema."

Basi akawaita wavuvi, akatoa sheria ya kwanza. "Kuanzia leo, kiangazi chote hakuna kuvua. Maji yakipungua nawaona samaki wamebanana, ni dhahiri huo ndio wakati wa kuzaa. Mvua zikija, vueni mtakavyo."

Wavuvi wakatazamana. Korongo, ambaye hasemi, siku hiyo akasema. "Mzee wangu, kambale hazai kiangazi. Anazaa mvua zikinyesha, kule majanini."

Kiboko akacheka. "Korongo, wewe unasimama pembeni kwa mguu mmoja. Mimi nalala nao maji mamoja. Nani anawajua zaidi?"

Korongo akarudi pembeni kwake. Utamwambia nini mtu anayelala na samaki?

Kiangazi kikapita, hakuna aliyevua. Wakafunga mikanda. Mvua zikaja, kambale wakaanza kupanda. Korongo akapiga ukelele, "Wazazi wanapanda, mdomo fumba!" Akangoja waitikie. Kimya. Akatazama, akawaona vijana wa Fisi Maji wamejipanga mlangoni pa matete, wanawadaka kambale mmoja baada ya mwingine, matumbo yamejaa mayai.

Korongo akawakemea. "Nyinyi! Wazazi hao!"

Vijana wakamjibu, "Mjomba, kwani sheria imekataza? Sheria inasema mvua zikija tuvue tutakavyo. Leta sheria nyingine."

Na Kenge alikuwa palepale juu ya jiwe la mlangoni, anaangalia. Hakuna kosa hapo la kukamata.

Korongo aliona aibu, aibu ya mzee aliyejibiwa na watoto. Akanyoosha mabawa. "Bwawa lina sheria sasa," alisema. "Halinihitaji mimi." Akahamia kwenye madimbwi ya ng'ambo ya kilima, akawa anakula vyura.

Mmeona? Walipokuwa hawana sheria, mtu aliona haya hata asipoonekana. Walipopewa sheria, wakaanza kupima haya yao kwa sheria. Kama haimo, ruksa.

Haya. Samaki wakazidi kupungua. Kiboko akazidi kuogopa. Kenge akasema, "Mkubwa, wanakamata wadogo mno. Samaki hapewi nafasi ya kukua."

Kiboko akaona ni neno la akili. Na kwa kweli lilikuwa la akili, ndiyo maana lilidhuru. Akatoa sheria ya pili. "Kuanzia leo, samaki mfupi kuliko wayo wa Kenge asivuliwe. Kenge atapima."

Fisi Maji hakujali, yeye mdomo wake mkubwa. Lakini Mdiria alishtuka. Mdiria ni ndege wa kushikwa kiganjani. Samaki wa ukubwa wa wayo wa Kenge hawezi kumbeba, sembuse kummeza, sembuse makinda yake yaliyokuwa shimoni, hata macho hayajafunguka vizuri. Mdiria anakula dagaa na vifaranga vya samaki, basi. Mungu alimpa mdomo huo, hakuununua.

Akaenda kuvua kama kawaida. Akapata kisamaki, akaruka nacho kuelekea shimoni. Kenge akamsimamisha. Akakinyoosha kisamaki juu ya wayo wake. "Kifupi." Akakimeza.

Mdiria akarudi majini. Akapata kingine, kikubwa kidogo. Kenge akakinyoosha. "Kifupi." Akakimeza.

Mdiria akajitupa mara ya tatu, akapata kikubwa mpaka kikamyumbisha hewani. Kenge akakipima polepole, akakivuta mkia. "Bado kidogo, mama." Akakimeza.

Mdiria akaenda kwa Kiboko, akatua kwenye tete mbele ya pua yake. "Mzee wangu, shikamoo."

"Marahaba, mama."

"Mzee, tazama mdomo wangu. Huu ndio mdomo. Watoto wangu wana njaa. Niruhusu hawa wadogo, hata wanne watano tu kwa siku, mpaka wanangu waruke."

Kiboko akamtazama, na moyo ulimwuma. Msidhani alikuwa mbaya. Lakini alisema, "Mama, nikikuruhusu wewe, kesho Fisi Maji atakuja kuniambia mdomo wake nao umesinyaa. Sheria ikiwa na tundu moja, wote watapita humo. Vumilia."

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Kiboko siku hiyo alikuwa amekula majani mpaka anatweta.

Mdiria akavumilia kwa kuruka mbali, mto wa pili, akivua huko na kurudi na kisamaki kimoja jua limekwisha geuka. Makinda mawili yaliweza kusubiri. Kitindamimba hakuweza. Siku moja mama alirudi na chakula mdomoni, akamkuta amelala ubavu, baridi. Akasimama mlangoni mwa shimo na kile kisamaki, hajui ampe nani.

Tunyamaze kidogo hapo.

Wale wawili waliobaki walipoweza kuruka, Mdiria akawachukua wakaenda kukaa mto wa pili. Hakumtukana mtu wala hakulaani. Aliondoka tu, na mimi naona kuondoka hivyo ni kubaya zaidi.

Wakabaki ukoo wa Fisi Maji. Hao ni wagumu, ukiwafukuza wanadhani unacheza nao. Lakini Kenge alikuwa na njaa. Wakosaji walikuwa wamepungua, na mlinzi anayekula makosa atafanya nini makosa yakipungua? Akaenda kwa Kiboko. "Mkubwa, wanavua nisikowaona. Weka sheria, kila anayekwenda majini apite kwanza kwenye jiwe langu nimtazame mdomo. Na akitoka, apite tena."

Jiwe la Kenge lilikuwa ng'ambo kabisa ya bwawa, upande wa jua. Kiboko akatoa sheria ya tatu.

Siku ya kwanza Fisi Maji alikwenda akicheka. "Binamu Kenge, nimekuja kuonyesha meno! Niambie kama mswaki nimepiga vizuri." Kenge hakucheka. Alimngojesha mpaka jua likapanda, akamtazama mdomo, akamruhusu. Alipotoka alimngojesha tena.

Siku ya pili Fisi Maji hakutania. Siku ya tatu watoto wake walisema, "Baba, sisi hatuendi. Kuvua kumekuwa kama kwenda kwa mganga."

Fisi Maji akawatazama. Yeye alifundishwa na baba yake kumfuata samaki gizani kwa masharubu tu, na alingoja kwa hamu kuwafundisha wanawe. Akasema, "Basi, twendeni tukale kaa." Wakapanda juu vijitoni. Na wale watoto wakakua hawajui ningu ni nani wala mlango wa matete uko wapi.

Kiboko akatazama bwawa lake. Hakuna korongo, hakuna mdiria, hakuna fisi maji. Kimya, maji laini. Akafurahi sana! Akamwambia Kenge, "Umeona? Sheria imefanya kazi. Hakuna anayevua tena."

Kenge akasema, "Hakika, Mkubwa." Lakini tumbo lake lilikuwa linanguruma.

Sasa sikilizeni. Juu ya kilima waliishi nyani. Nyani hawajui kuvua, hawana subira ya kitu chochote. Lakini wana mikono, na wanaujua utupa. Utupa ni mmea. Ukitwangwa na kumwagwa majini, samaki wanalewa, wadogo kwa wakubwa, wazazi kwa watoto, wanaelea matumbo juu. Unaokota tu. Nyani walikuwa wameutamani Mtitu miaka mingi, ila kila wakishuka walimkuta mtu: huku Korongo amesimama, kule Fisi Maji, juu Mdiria. Siku hiyo mchana wakachungulia, hawakuona mtu. Wakashuka na mizigo ya utupa, wakaanza kuutwanga kwenye mawe ya mlango wa matete, huku wakiimba kwa sauti.

Korongo alikuwa anapita angani kutoka kwenye vyura wake. Akawaona. Akajua wanachotwanga. Shingo ikamsimama, ukelele ukafika kooni. Halafu akakumbuka, akaumeza. "Bwawa lina mlinzi," alisema. Akaenda zake.

Fisi Maji alikuwa juu kijitoni, akasikia harufu ya utupa. Hakuna mvuvi asiyeijua harufu hiyo. Akainuka. Watoto wake wakamwuliza, "Baba, unakwenda wapi?" Akasimama, akafikiri, akakaa. "Siendi popote. Ningefika ningeambiwa nipite kwanza jiweni."

Mdiria alikuwa anarudi mto wa pili. Akawaona nyani wanabeba utupa uliotwangwa wanayakaribia maji. Yeye ukelele wake ni mkali kuliko wa wote, ungemwamsha Kiboko usingizini. Akatua juu ya tete. Akatazama. Kisha akaruka, akaenda kwa wanawe wawili.

Na mlinzi? Mlinzi alikuwa ng'ambo, juu ya jiwe lake, mgongo kwenye mlango wa matete, anangoja wavuvi waje awatazame midomo. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kiboko aliamka kwa kuguswa. Akadhani ni ningu wamekuja kumsafisha. Akafungua macho. Ningu walikuwa wamemzunguka kweli, lakini matumbo yao yalikuwa juu. Akageuka huku, wafu. Akageuka kule, wafu. Nyani aliwaona kwa mbali wanapanda kilima na walichoweza kubeba, waliobaki wameachwa waoze. Kiboko akalia. Kilio cha kiboko mnakijua, kinatikisa miti.

Kenge akaja mbio. "Mkubwa, hawa ni wavuvi wamelipiza kisasi!"

Kiboko akamtazama kwa mara ya kwanza kama mtu anayemwona. "Wewe ulikuwa wapi?"

"Jiweni, Mkubwa. Kama ulivyosema."

Siku zikapita. Samaki wachache wa matopeni walinusurika, lakini mgongo wa Kiboko ulioza, nzi wakamjaa, usingizi ukamkimbia. Mwishowe akatoka majini mchana, juani. Kiboko na jua la mchana ni maadui, ngozi inapasuka. Akatembea hivyohivyo.

Akaenda kwa Korongo. "Uliwaona nyani?"

"Niliwaona."

"Mbona hukupiga ukelele?"

"Zamani nilipiga, wakanijibu kuwa kuna sheria. Nikadhani itapiga ukelele yenyewe."

Akaenda kwa Fisi Maji. "Ulijua?"

"Nilisikia harufu."

"Mbona hukuja?"

Fisi Maji hakutania. "Mzee, watoto wangu hawalijui bwawa lako. Mtu hakimbilii nyumba ya jirani asiyemruhusu kuingia hata inapoungua. Ni vibaya, najua. Lakini sikuja."

Akaenda mto wa pili kwa Mdiria. Damu ilikuwa inamchuruzika mgongoni. "Mama, na wewe uliona?"

"Niliona."

Kiboko hakuuliza mbona. Alikaa chini kwenye mchanga, mnyama mzima kama nyumba, akainamisha kichwa mbele ya ndege wa kushikwa kiganjani. Akasema, "Nifundishe. Kambale wanazaa lini?"

Mdiria akautazama mgongo ule wenye damu. "Ungeuliza hivyo mwaka ule," alisema, "mwanangu angekuwa anaruka."

Kiboko akazidi kuinama, akamwomba yeye na wenzake warudi.

Wakarudi, wote watatu. Walirudi shingo upande, lakini walirudi. Wakakaa ukingoni pamoja na Kiboko. Kiboko akasema, "Sheria zangu nimezifuta. Vueni mpendavyo, ila mniangalizie maji."

Mdiria akasema, "La. Ukifuta zote tutarudi mwaka wa njaa, na mwaka ule tulikosa sisi, si wewe. Mimi nasema hivi: asivue mtu yeyote, mkubwa wala mdogo, mpaka kambale waliobaki wapande na watoto wao washuke. Na baada ya hapo kila mdomo ule saizi yake, ulivyoumbwa, na hakuna kupiga mzazi njiani hata kwa njaa."

Korongo akasema, "Nakubali. Vyura wapo."

Fisi Maji akasema, "Nakubali. Ingawa kaa wamenichosha mpaka nawaota."

Kiboko akastaajabu. "Mimi katika ukali wangu wote sikuthubutu kuwawekea sheria kali namna hiyo!"

"Ungetuwekea wewe," Fisi Maji akamjibu, "tungeivunja kabla jua halijatua."

Na mlinzi je? Wakamwambia Kenge, "Asante, jiwe lako liote jua peke yake." Ndiyo maana mpaka leo Kenge ukikutana naye anatoa ulimi, anaurudisha, anautoa. Bado anatafuta ladha ya samaki wa watu.

Haukupita muda, nyani wakashuka tena na utupa. Walizoea sasa. Wakafika mlango wa matete, wakaweka mizigo chini. Kabla hawajatwanga hata kidogo, Mdiria akapiga ukelele uliopasua bonde. Korongo akajibu kutoka kilimani akishuka kwa mabawa na mdomo. Fisi Maji na wanawe wote, wale waliokuwa hawalijui bwawa, walitoka majini wakawang'ata mikia. Na Kiboko alikuja amefungua mdomo wake wote. Nyani hawakungoja kuhesabu meno. Walipanda kilima kwa mikono na miguu, na utupa wao wakauacha ukauke juani.

Kelele zilipotulia, Kiboko akamwendea Mdiria aliyekuwa juu ya tete, anatweta.

"Mama," alisema, "umeniokolea ndugu zangu. Ina maana umenisamehe?"

Mdiria akamtazama.

"Hapana," alisema. "Lakini samaki hawajanikosea."

Akaruka, akarudi kwenye zamu yake.

Haya, waungwana, maana yake hii. Sheria ni ukuta mzuri, lakini ukuta haupigi kelele mwizi akija. Wanaopiga kelele ni wenye nyumba. Kwa hiyo mkubwa anayetaka kitu kilindwe, asimgeuze anayekitumia kuwa mgeni wa kitu hicho, na akitaka kuweka sheria, amwulize kwanza atakayeumia nayo. Na sisi tunaotumia tusijifanye hatuhusiki: tusipojizuia wenyewe siku ya njaa, tunamwita Kenge kwa mikono yetu.

Hadithi yangu nimeivua, nimeitoa magamba, nimeiweka sahanini. Mwenye njaa na ale, aliyeshiba ampelekee jirani, na miiba mniachie mimi niliyeizoea.